Kabla Hamjamtafuta Simba, Kaeni Chini Wawili

Kwenda mbugani na mwenza wako si suala la kuwa na gari na kamera tu. Mhariri wetu aliharibu safari ya kwanza, akajipanga kwa ya pili. Haya ndiyo aliyojifunza, pamoja na hesabu zake mpaka shilingi ya mwisho.

Hivi ni wangapi kati yetu tumewahi kusema "Mikumi nimeshafika" wakati ukweli ni kwamba tumepita tu? Unaijua ile. Basi limetoka Dar linaelekea Iringa au Mbeya, dereva anapunguza mwendo, mtu anapaza sauti "Twiga! Twiga!", abiria wa upande wa pili wanakuegemea mabegani, simu zinatolewa, na kabla hujafungua kamera twiga ameshabaki nyuma. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa kama kilometa 50, na kwa wengi wetu hizo 50 ndizo safari yetu yote ya mbugani. Bure kabisa, na unalala kiti.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Ukinitajia safari ya mbugani nilikuwa naona wazungu wenye kofia pana na magari yaliyofunguliwa juu. Nikajiambia hayo ni mambo yao, sisi yetu ni harusi, kitchen party na Krismasi kijijini. Kumbe nilikuwa nimekalia kitu changu mwenyewe.

Leo nataka tuongee kuhusu kupanga safari ya mbugani mkiwa wawili. Nasema kupanga kwa sababu kwenda ni rahisi. Kupanga ndiko kunakowashinda watu, na kulitushinda hata sisi.

Pasaka iliyotuharibikia

Ilikuwa Pasaka ya 2019, tumetimiza mwaka mmoja wa ndoa. Mume wangu akasema Jumamosi asubuhi, tukiwa bado kitandani, "Hani, twende Mikumi." Nikaruka. Nani asiyependa mwanaume mwenye maamuzi ya ghafla?

Tukatoka nyumbani saa 4 asubuhi na kigari chetu kidogo kilichokaa chini kama sahani. Foleni ikatumaliza. Tukafika getini kwenye saa 9 alasiri. Pale tukaambiwa pesa taslimu haipokelewi. Sisi tulikuwa na noti mfukoni, na kadi yangu ya benki nilikuwa nimeiacha kwenye pochi nyingine. Kuhangaika mpaka tukalipa, saa nzima imekwenda. Halafu askari akatazama matairi yetu, akatazama wingu, akatuambia kwa upole kabisa, "Dada, kaka, na mvua hizi msiende mbali." Ilikuwa masika! Aprili! Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo.

Tuliona swala pala upande wa makalio, ngiri mmoja, na matope mengi. Kwenye matope ndipo ugomvi ulipoanzia. Mimi nikasema, "Si ulisema umepanga?" Yeye akasema, "Wewe si ndiye uliyesema unajua sehemu ya kulala?" Kumbe mimi kichwani nilikuwa naona hoteli yenye maua kitandani na chakula cha usiku kwa mshumaa. Yeye alikuwa anaona simba, na usiku ule ule turudi Dar kwa sababu Jumapili kulikuwa na mpira. Kila mmoja alikuwa safarini kwake.

Tulirudi kimya mpaka Chalinze. Pale alinunua mishikaki akanipa bila kusema neno, nami nikaila bila kusema asante. Jamani, mwaka mmoja wa ndoa!

Kilichobadilika

Mwaka 2022 mume wangu alihamishiwa Dodoma kikazi. Mimi ajira yangu ni ya Dar. Wenzangu wengi mnaosoma ukurasa huu mnayajua maisha hayo. Mwanzoni mnapigiana simu usiku mpaka mnasinzia. Baada ya miezi simu zinakuwa kama kikao cha kamati: umeme umenunua? Kodi umelipa? Mama ameshapelekewa dawa? Haya, usiku mwema. Anakuja Dar wikiendi moja kati ya tatu, na akija anakuta foleni ya misiba, harusi na fundi bomba. Jumapili jioni anaondoka na mimi nakumbuka kwamba hatukuongea.

Nilianza kuogopa. Hakukuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Halafu treni ya SGR ikaanza: Dar mpaka Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Siku moja akaniambia kwenye simu, "Kwa nini kila mara mmoja wetu aende kwa mwenzake? Tukutane katikati." Katikati ni Morogoro. Na kutoka Morogoro mjini mpaka geti la Mikumi ni kama kilometa 100.

Nikamwambia sawa, lakini safari hii tunakaa chini kwanza.

Hatua ya kwanza: kila mtu aandike yake

Tulifanya hivi, na nakushauri ufanye hivyo kabla hujauliza bei ya kitu chochote. Kila mmoja achukue karatasi, aandike vitu vitatu anavyovitaka kwenye safari na kimoja ambacho hakitaki kabisa. Bila kuangaliziana. Kisha msomeane.

Yeye aliandika: kumwona simba, kuamka alfajiri, kupiga picha bila kuharakishwa. Hataki: kulala hema. Mimi niliandika: kuwaona tembo kwa karibu, kula mezani kama watu, kukaa sehemu moja muda mrefu bila kufanya chochote. Sitaki: simu za kazi.

Soma tena orodha hizo mbili. Hakuna kinachogongana! Mwaka 2019 tungekaa na karatasi hii dakika 10 tu, tusingefika Chalinze tumenuniana. Inawezekana yenu ikagongana, mmoja anataka hema na mwingine anataka bafu la maji moto. Afadhali mgongane mezani kuliko porini saa 11 jioni.

Hatua ya pili: chagua hifadhi kwa ramani, siyo kwa jina

Kosa letu wengi ni kuanza na jina kubwa. Serengeti ni Serengeti, hakuna ubishi: ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ina zaidi ya kilometa za mraba 14,700, na nyumbu wake wanaohama wanazidi milioni moja. Lakini kama uko Dar na una siku mbili, wikiendi yako yote itaishia njiani, na pesa pia.

Angalia ulipo. Uko Arusha? Tarangire iko kama kilometa 120 tu kutoka mjini, tembo na mibuyu mpaka uchoke. Uko Iringa? Ruaha iko kama kilometa 130. Unataka mnyama na bahari siku moja? Saadani inagusana na Bahari ya Hindi. Msomaji wetu wa Nairobi ndiyo kabisa huna kisingizio, maana hifadhi ya Nairobi ya tangu 1946 iko ndani ya jiji na unaweza kumpiga picha twiga mwenye maghorofa nyuma yake.

Kwetu sisi, Dar na Dodoma, jibu lilikuwa Mikumi. Ilianzishwa mwaka 1964, ina kilometa za mraba 3,230, na jina lake limetokana na mikumi, ile miti jamii ya minazi ambayo wengine tunaiita mivumo. Uwanda wa Mkata ulioko upande wa kaskazini ni wazi, nyasi na miti michache, kwa hiyo mnyama unamwona. Tembo, nyati, twiga, pundamilia, nyumbu, simba, viboko, wote wako. Faru usimtafute, hayupo. Na chui yupo, ila anajificha vizuri kuliko mdeni wako.

Hatua ya tatu: uliza mvua

Ukitaka wanyama kwa urahisi, nenda kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Sababu si ngumu. Nyasi zimekauka na kulala chini, macho yako yanafika mbali. Maji yamebaki sehemu chache, kwa hiyo wanyama wanakwenda hukohuko kila siku na wewe unawangojea. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, nyasi zinamfunika mtu, maji yako kila mahali, wanyama wametawanyika, na baadhi ya barabara za ndani hazipitiki.

Sisemi masika ni mbaya. Ni kijani, ndege ni wengi, wageni ni wachache na sehemu za kulala huwa zinashusha bei. Lakini kama ni mara yako ya kwanza na una kigari kama chetu cha 2019, sikia ushauri wa aliyezama.

Sisi tulichagua Septemba 2024.

Hatua ya nne: tuongee mshiko

Hapa ndipo wapenzi wengi wanaponyamaza. Mwanaume anaona aibu kusema hana, mwanamke anaona aibu kuuliza, mwishowe mmoja anakopa ili kumfurahisha mwenzake na deni linakula miezi sita. Tafadhali msifanye hivyo. Mbuga ipo, haihami.

Jambo ambalo Watanzania wengi hawalijui: kiingilio si ghali. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na mgeni wa nje analipa kwa dola, na tofauti ni kubwa sana. Sisi Mikumi tulilipa 5,900 kila mmoja kwa siku. Ndiyo, ni pungufu ya chipsi kuku! Njoo na kitambulisho cha NIDA, la sivyo utajieleza sana. Na malipo fanya kwa kadi au kwa namba ya malipo utakayopewa, siyo noti. Hilo mimi nimelilipia ada yake.

Kinachokula pesa ni gari na kitanda. Kwa hiyo tulikubaliana kuweka 150,000 kila mmoja kwa mwezi, miezi minne. Jumla 1,200,000. Tulitumia hivi:

Treni, sote wawili, kwenda na kurudi, daraja la kawaida: 62,000
Gari na dereva kwa siku mbili, pamoja na mafuta na kiingilio cha gari: 700,000
Kulala, usiku mmoja Morogoro na mmoja Mikumi mjini: 240,000
Kiingilio, watu wawili, siku mbili: 23,600
Chakula na maji: 120,000
Asante ya dereva: 50,000

Jumla 1,195,600. Zilibaki 4,400, tukanunua karanga.

Bei zako zinaweza kuwa tofauti, hasa gari, kwa hiyo piga simu sehemu tatu ulinganishe. Kama pesa hiyo ni kubwa, tafuteni wapenzi wenzenu wawili mgawane gari, hapo sehemu kubwa ya gharama imekatwa nusu. Au laleni nje ya hifadhi na muingie siku moja tu badala ya mbili. Lakini kila mmoja achangie, hata kama mmoja anaweka 200,000 na mwingine 50,000. Aliyechangia halalamiki kirahisi.

Hatua ya tano: gari, dereva na alfajiri

Maswali ya kumuuliza mwenye gari kabla hujamtumia pesa: Gari limeinuka? Linafunguka juu? Mafuta yamo kwenye bei au ni yangu? Kiingilio cha gari nani analipa? Dereva anaijua Mikumi au anajua barabara tu? Tunaanza saa ngapi? Akikwambia "saa 3 asubuhi si mbaya", mwambie asante na umtafute mwingine.

Wanyama hawana saa za ofisi. Asubuhi na jioni wanatembea, wanakula, wanawinda. Jua likipanda wanalala kivulini kama sisi baada ya pilau. Kwa hiyo safari yenu ni kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 hivi, mapumziko, halafu kuanzia saa 10 jioni mpaka kabla ya giza. Usiku watalii hawaruhusiwi kuendesha wenyewe ndani.

Dereva wetu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia na kutuita "wanangu" mpaka mwisho. Dakika kumi za kwanza mume wangu alimuuliza mara tatu simba wako wapi. Mzee akacheka. "Mwanangu, hifadhi si bucha. Huingii ukakuta kila kitu kimetundikwa. Tulia."

Tukatulia.

Walio fungate

Jumamosi ilikuwa ya kwangu. Tembo kama ishirini walivuka mbele yetu, wadogo katikati, na mbele yao jike kubwa lenye masikio yaliyochanika. Mzee alizima injini. Akatuambia kundi la tembo huongozwa na jike mzee, kwa sababu ndiye anayekumbuka maji yalipo mwaka wa ukame, na madume wakikua huondoka kundini. Mume wangu akanitazama. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeondoka?" Tukacheka, lakini kicheko kilikuwa na kitu ndani yake.

Baadaye tukawaona bweha wawili wanakimbia sambamba. Hao nao wana mambo! Dume na jike wakishaoana mara nyingi hukaa pamoja maisha yao yote, na watoto waliokua wanaweza kubaki mwaka mzima kusaidia kulea wadogo zao. Dada wa kazi hawamhitaji.

Simba walikuja Jumapili, saa 1 kasoro asubuhi, uwanda wa Mkata. Dume na jike, peke yao, wamelala mbali kidogo na barabara. Mume wangu aliinua kamera akasahau kubonyeza.

"Hawa wako fungate," mzee akanong'ona. Alituelezea kwamba wakati wa kupandana dume na jike hujitenga na kundi lao kwa siku kadhaa, hawajali hata kuwinda, na hupandana kila baada ya dakika ishirini au thelathini hivi, usiku na mchana. Sikujua nitazame wapi! Lakini kilichonikaa moyoni kilikuwa kile kujitenga. Hata simba, mwenye kundi na mipaka ya kulinda na maadui kila upande, kuna siku anaacha vyote.

Sisi tulikuwa hatujafanya hivyo tangu 2022.

Bwawani

Karibu na geti kuna bwawa la viboko, sehemu ambayo unaruhusiwa kushuka garini na kukaa. Tulikuwa na mayai ya kuchemsha, mkate na chai ya chupa. Mzee alibaki kwenye gari akasema anapumzisha macho, nadhani alikuwa anatuheshimu tu.

Simu zetu zilikuwa zimezimwa kwenye begi, kama karatasi ilivyosema. Viboko walikuwa wanaibuka, wanapuliza maji, wanazama tena. Tulikaa kimya muda mrefu, na sikuona haja ya kuujaza.

Ndipo akasema, bila kunitazama, "Nikija Dar najiona mgeni. Nagonga mlango wa nyumba yangu."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na majibu kama manne. Lakini ukiwa umekaa mbele ya maji na huna mahali pa kukimbilia, wala sufuria jikoni inayokuita, unajikuta unasikiliza. Nikamwambia na mimi ukweli wangu, kwamba naogopa siku tutakayozoea. Hatukupata suluhisho pale. Yeye bado yuko Dodoma, mimi bado niko Dar. Tulichokubaliana ni vitu viwili tu: simu ya Jumatano usiku ni marufuku kutaja umeme, kodi wala fundi; na kila baada ya miezi miwili tunakutana Morogoro, iwe kuna mbuga au kuna ndizi nyama na stori tu. Mpaka leo tumeruka mara moja, alipougua mama mkwe.

Naomba nisikudanganye, msomaji wangu. Tembo hawatengenezi ndoa. Kama mna jeraha kubwa, msilibebe porini mkidhani twiga atalifunga bandeji. Lakini kupanga kitu kimoja kwa miezi minne, kuweka pesa pamoja, kuambizana unataka nini na hutaki nini, halafu kukaa kwenye gari moja siku mbili bila mtandao, hayo yanakuonyesha mlipo. Wachumba ndiyo hasa nawashauri. Mtazame mwenzako gari linapokwama, mnyama anapokosekana na njaa inapouma. Utajua mengi kuliko ukikutana naye mara mia hotelini akiwa amejipulizia manukato.

Kabla hujafunga begi

Nguo: chagua rangi za udongo, kaki au kijani iliyopauka. Bluu iliyokolea na nyeusi zinawavuta mbung'o, na mbung'o akikuuma utamkumbuka. Nguo za mabaka ya jeshi usithubutu, kwa raia ni kosa. Beba sweta, alfajiri ya kiangazi kuna baridi.

Afya: dawa ya mbu, chandarua uliza kama kipo, na maji ya kutosha. Ukipata homa baada ya kurudi, kapime malaria, usijitibu kwa kukisia.

Macho: darubini hata ya kuazima. Simu inapiga picha nzuri ya mnyama aliye karibu. Wa mbali atakuwa doa.

Mfuko wa plastiki: acha nyumbani, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Tumia kikapu, ni kirembo zaidi.

Adabu: usishuke garini pasiporuhusiwa, usipige honi, usitoke nje ya barabara, na mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa. Nyani usimpe chakula, hata akikutazama kama mtoto yatima. Akizoea atapora, na akipora anakuwa hatari kwa watu. Hata ukiwa unapita tu kwenye barabara kuu punguza mwendo, ukimgonga mnyama kuna faini kwa kila aina.

Wawili: karatasi zenu mbili zikunjeni mbebe. Jioni mkifika kulala zitoeni mtazame mmepata mangapi. Yetu bado iko kwenye mlango wa friji, ya kwake na ya kwangu zimebanwa na sumaku moja. Mwezi ujao tunaandika nyingine. Safari hii yeye kaomba hema.